Mkono Uliopungwa

Msafiri wa barabara kuu iendayo Zambia, tangu mlima Kitonga mkoani Iringa hadi Mbeya, hujifunza lugha isiyo na kamusi. Matawi mabichi yaliyotandazwa lamini humwambia kuwa mbele kuna gari bovu. Lori lililoelemewa na mzigo likiwasha taa ya kushoto, dereva wa nyuma huelewa: pita, mbele ni salama. Ikiwaka ya kulia, husubiri.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo kando ya barabara hiyo. Jioni moja dereva wa lori alisimama, akampungia mkono mwanafunzi wangu avuke. Mtoto akavuka. Basi lililokuwa nyuma likalipita lori kwa kasi, likamgonga, akavunjika mguu. Dereva wa basi hakusimama. Yule wa lori alimbeba mtoto hadi hospitali, na kila safari zake zilipomleta upande wetu alipita kumjulia hali. Baba wa mtoto alimwambia, "Hukumgonga wewe, ndugu yangu." Akajibu, "Mzee, mkono ulikuwa wangu."

Neno hilo hunirudia kila nisomapo habari za magari yasiyo na dereva. Huko Marekani, magari ya Waymo hubeba abiria mijini Phoenix na San Francisco pasipo mtu kwenye usukani. Kwa kuwa hakuna jicho la kutazamana nalo, waundaji wanatafuta ishara nyingine. Desemba 2023, Mercedes-Benz ilitangaza kupata ruhusa katika majimbo ya California na Nevada ya kutumia taa za rangi ya feruzi, ili watu wajue kuwa gari linajiendesha lenyewe.

Siibezi mitambo. Haisinzii wala hailewi, na aliyeendesha basi lile alikuwa binadamu kama sisi. Yawezekana mtambo ungemwona mtoto. Lakini ishara ni nini? Mimi naiona kuwa ni ahadi, na ahadi ni deni. Taa yaweza kusema "vuka", haiwezi kudaiwa. Basi, kabla hatujaruhusu chombo kumwita mtoto barabarani, tukubaliane kwanza ni nani, mwenye jina na mahali anapopatikana, atakayefika hospitali na kusema kuwa mkono ulikuwa wake.