Mpunguzie Mtoto Mzigo Mmoja

Mwaka 1940, Uingereza ikiwa imezungukwa na vita, wazazi wengi walivusha watoto wao bahari wakawakabidhi kwa watu wasiowajua. Michael Rutter alikuwa mmoja wa watoto hao. Alizaliwa Lebanon mwaka 1933, mtoto wa daktari, na alipopandishwa meli kwenda Marekani alikuwa na miaka kama saba. Alisafiri na mdogo wake wa kike, lakini walipofika kila mmoja alichukuliwa na familia tofauti. Miaka minne wakakaa mbali na baba na mama.

Msimulie mtu kisa hicho leo, atatikisa kichwa na kusema mtoto huyo ameshaharibika. Basi aliyeharibika huyo alirudi kwao, akasomea udaktari Birmingham, na mwaka 1973 akawa profesa wa kwanza wa magonjwa ya akili ya watoto nchini Uingereza. Miaka ile ya ugenini aliikumbuka kwa wema, kwa kuwa nyumba iliyompokea ilimpokea kwa moyo.

Ndiyo maana nakuandikia wewe unayelea, wewe unayefundisha, na wewe shangazi unayekaa na mtoto wa ndugu yako. Acha kumtazama mtoto kana kwamba hukumu yake imeshasomwa!

Katikati ya miaka ya 1960, Rutter na wenzake walikwenda kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, kuchunguza afya ya akili ya watoto zaidi ya 2,000 wa miaka 10 na 11. Wazazi waliulizwa, walimu waliulizwa, kisha wakafanya jambo ambalo wakati ule wengi hawakulipa uzito: walikaa chini na watoto wenyewe, mmoja mmoja, wakawauliza na kuwasikiliza. Waliporudi kwa watoto hao walipokuwa na miaka 14 na 15, wengi walieleza huzuni ambayo mama hakuijua na mwalimu hakuiona. Watu waliokula nao meza moja! Je, wako ulimwuliza lini mara ya mwisho, si habari za mtihani, habari za moyo wake?

Baadaye wakalinganisha kisiwa na mitaa ya London, ambako watoto wenye matatizo walikuwa karibu mara mbili. Wakatafuta sababu majumbani: ugomvi usiokwisha wa baba na mama, msongamano, umaskini, baba mwenye makosa ya jinai, mama mgonjwa wa akili, mtoto kuwahi kuondolewa kwao. Kilichojitokeza kinanipa nguvu kila nikikirudia. Mtoto mwenye mzigo mmoja tu kati ya hiyo hakuwa hatarini kuliko mtoto asiye na mzigo wowote. Ikifika miwili, hatari ilipanda mara nne.

Tafakari maana yake kwako. Huwezi kuuondoa umaskini wa nyumba ile jirani, na mama yule huwezi kumponya wewe. Lakini unaweza kumkaribisha mtoto afanye kazi ya shule barazani kwako siku wazazi wake wanapogombana. Utakuwa umepunguza mzigo mmoja. Hukuambiwa ubebe yote! Na Rutter aliona pia kwamba katika nyumba zenye ugomvi, mtoto aliyekuwa na uhusiano mzuri na hata mzazi mmoja alisimama imara kuliko aliyewakosa wote wawili.

Mwalimu, hili ni lako. Kitabu alichokitoa na wenzake mwaka 1979 kinabeba jina la saa 15,000, muda ambao mtoto wa Uingereza hukaa shuleni tangu anapoanza mpaka anapomaliza. Walifuatilia shule 12 za sekondari za London. Ukubwa wa shule na umri wa majengo havikueleza kwa nini wanafunzi wa baadhi ya shule walifanikiwa. Kilichotofautisha ni mambo ya kila siku: mwalimu anayeanza kipindi kwa wakati, anayesahihisha kazi alizotoa, anayesifu kazi nzuri na kuibandika ukutani, anayewapa wanafunzi majukumu na kuwaamini nayo. Hakuna hata moja hapo linalosubiri bajeti. Ingia darasani kesho, anza!

Kisha ikaja Romania. Utawala wa dikteta wa nchi hiyo, Ceaușescu, ulipoanguka Desemba 1989, dunia iliona vituo vya malezi vilivyojaa watoto wenye njaa, waliolala vitandani bila wa kuwabeba. Rutter na timu yake waliwafuata watoto 165 wa Romania waliolelewa na familia za Uingereza. Waliopata familia kabla ya kutimiza miezi sita kwa jumla walikua sawa na wenzao. Waliochelewa, wengi walibaki na majeraha, na yeye hakuyaficha. Hata hivyo mtoto mmoja kati ya watano wa kundi hilo la waliochelewa alifika utu uzima bila tatizo kubwa. Kwa hiyo fanya haraka. Na kama umechelewa, bado nenda.

Nyumbani Rutter alikuwa mume wa Marjorie, muuguzi waliyeoana naye mwaka 1958, na baba wa watoto watatu. Mwaka 1993 yeye na mkewe walitoa kitabu pamoja, juu ya jinsi binadamu anavyokua na kubadilika tangu utoto hadi uzee. Nakipenda sana kipande hicho cha maisha yake: mtu aliyetumia mchana kuwaza watoto wa wengine, akakaa na mama wa watoto wake kuandika juu ya jambo hilohilo. Alifariki tarehe 23 Oktoba 2021 akiwa na miaka 88, na mpaka mwaka huo alikuwa bado kazini.

Jioni hii mtoto ataingia mlangoni na begi lake. Zima redio, weka simu mbali, msogezee kigoda. Mwulize siku yake ilikuwaje, na akijibu "nzuri" akanyamaza, usiinuke.