Ua wa Nyumba na Haki ya Jirani

Katika mji wa Mbinga, na katika vijiji vya pwani ya Ziwa Nyasa tangu Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay, nyumba ya matofali ikiisha kuezekwa, jambo lifuatalo ni ua. Mmoja apanda minyaa, mwingine afunga matete, mwingine avuta seng'enge, na mwenye fedha ajenga ukuta na kupachika vipande vya chupa juu yake. Nasi twataka kuuliza neno moja: mtu azungushapo kilicho chake, je, ana deni lo lote kwa yule aliyebaki nje?

Tusianze kwa kuwahukumu wenye nyua kana kwamba wote ni wachoyo. Aanikaye kahawa nyumbani wakati wa mavuno ajua ya kuwa kazi ya mwaka mzima yaweza kuchukuliwa kwa usiku mmoja. Mjane alalaye na wajukuu wadogo ataka kitu kati yake na giza. Na mbuzi, kama mjuavyo, hawasomi mipaka. Watu hawa wana haki ya kujikinga, wala asiyewahi kuibiwa asiwacheke.

Lakini kumbukeni habari za wazee. Katika karne ya 19, Wangoni walipokuwa wakivamia nchi, Wamatengo walikimbilia milimani, na watu wa pwani wakazungushia vijiji vyao maboma ya magogo. Zamani zile hazikuwa njema; zilikuwa siku za hofu na njaa. Ila boma lilikuwa moja, nao waliolijenga walikaa wote ndani yake. Leo kila mtu ana boma lake, na aliye nje ya boma ni jirani.

Wamatengo wanalo jambo jingine la kutufundisha. Shamba la ukoo waliita ntambo, nalo ni mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili. Basi mpaka wao ulikuwa maji, na maji yale yalinywewa na watu wa kando zote mbili. Tena katika kilimo chao cha ngoro hulaza majani yaliyofyekwa katika mistari iliyokatana, wakayafunika kwa udongo, hata mteremko wote ukawa mashimo mashimo. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni, udongo wa aliye juu usimshukie aliye chini. Mkulima huyo alinda shamba lake, na kwa kazi ile ile amlinda na mwenziwe.

Kwa hiyo twaona kwamba swali la ua si urefu wake wala uzuri wake. Swali ni hili: gharama yake yamwangukia nani? Ajengaye hudhani amekwisha kulipa alipowalipa mafundi. Lakini ziko gharama nyingine zisizoandikwa, na mara nyingi hulipwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Tuutazame ukuta. Mbinga ni nchi ya miteremko, na mvua zake ni nyingi tangu Novemba hata Aprili. Ukuta usio na matundu chini hugeuka kuwa bwawa. Maji hutafuta pembe, hutoka kwa nguvu, na kuuchimba msingi wa nyumba ya chini. Mwenye ukuta amelala pakavu. Matundu machache yaliyoachwa katika kozi ya kwanza, na mfereji uyapelekao maji mahali walipopatana wote wawili, havimgharimu kitu kikubwa.

Minyaa nayo ni ua wa maskini, nasi twaipenda. Hukatwa vipande, huachwa siku chache kidonda kikauke, kisha hupandwa karibu karibu mvua zinapoanza. Mchwa hawaili, wala haitaki fundi. Lakini utomvu wake ni mkali. Ukiingia jichoni huunguza, na waweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa. Asiipande mtu kando ya njia ya watoto bila kusema na wazazi wao. Na aikatapo asitupe matawi upande wa pili. Mtoto akipatwa, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi, apelekwe hospitali.

Matete ya ziwani hayamdhuru mtu, ila hayadumu. Na seng'enge ya miiba, ile iliyopata hataza Marekani mwaka 1874, ilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Kuivuta usawa wa uso wa mtoto apitaye jioni ni jambo tusiloweza kulitetea.

Torati yenyewe haikunyamaza juu ya habari hizi. Ilimwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, ili mtu asianguke. Ukingo ule haukuwekwa kumzuia mgeni asiingie. Uliwekwa kwa ajili ya uhai wake.

Sasa tufike penye uzito zaidi, yaani njia. Kule pwani wako watu waliopata viwanja vilivyoshuka hata majini. Mmoja huzungusha ua, na njia ya akina mama ya kuteka maji, na ya kupeleka usipa vichanjani, yakatika. Yeye asema, "Kiwanja ni changu." Pengine asema kweli. Lakini wale akina mama hawaachi kuteka maji. Huzunguka mbali, labda hata kwenye matete penye mamba. Hatuoni jinsi haki ya mtu mmoja kukaa faraghani yaweza kupimwa sawasawa na mguu wa binti wa mwenziwe. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Basi hata hilo neno "changu" lina mwisho wake.

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mwiteni jirani, mvute kamba pamoja, na mzee ajuaye mpaka awepo. Lango na liwe pana, wapate kupita watu wabebao jeneza pasipo kuliinamisha. Malango mengi tuyaonayo hayakufikiriwa hivyo. Na kama njia imekwisha kuzibwa, kabla ya kwenda mahakamani liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, lenye watu saba, na kati yao wanawake wasiopungua watatu. Kazi yake ni kupatanisha. Mara nyingi yatosha kung'oa nguzo mbili, na kuacha upenyo wa mtu mmoja mwenye ndoo kichwani.