Nyanya Iliyooza ni Dhambi ya Nani?



Ndugu zangu katika imani, wengi wenu mlikuwepo kwenye darsa la baada ya Alasiri, siku ile ustadhi wetu alipozungumzia israfu. Alitaja wali unaobaki kwenye masinia baada ya walima, na mikate inayotupwa asubuhi ya pili. Akatukumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) alifundisha hata tonge lililoanguka liokotwe, lisafishwe na kuliwa, lisiachiwe shetani. Sote tuliitikia. Mimi niliitikia kwa mdomo tu. Akili yangu ilikuwa Buyenzi, nyuma ya kibanda cha mama mdogo, ambako siku mbili kabla nilimsaidia kumwaga matenga mawili ya nyanya.

Nyanya zile zilitoka Rugombo, kule Cibitoke. Ni safari fupi hadi Bujumbura, lakini mnajua hali ya miaka hii ya uhaba wa mafuta. Gari lililobeba mzigo liliishiwa njiani, likalala huko, likaingia mjini kesho yake jua likiwa kali. Joto la tambarare ya Imbo mnalifahamu. Matenga yalipofunguliwa, za juu zilikuwa nzima, za katikati laini, na za chini zilikuwa maji.

Baada ya darsa nilimuuliza ustadhi: je, mama huyu naye ni katika wafanyao israfu? Alinijibu kwa upole: hapana, hilo ni la Mwenyezi Mungu, mwambie asubiri. Jibu lile lilimtoa mama mdogo kwenye lawama, nami nikashukuru. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani, swali lilinirudia. Chakula kimepotea, kingi kuliko masinia yote ya walima. Ikiwa si dhambi ya mama, je, si dhambi ya mtu yeyote?

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria mwaka 2011 kwamba katika matunda, mboga na mazao ya mizizi, kati ya asilimia 40 na 50 ya kinachozalishwa duniani hupotea au kutupwa. Makadirio hayohayo yalionyesha kuwa Ulaya na Amerika Kaskazini mlaji mmoja hutupa kilo 95 hadi 115 kwa mwaka, na katika Afrika kusini mwa Sahara kilo 6 hadi 11 tu. Kwa hesabu hiyo, sehemu kubwa ya upotevu wetu hutokea kabla chakula hakijafika kwenye sahani: shambani, kwenye tenga, barabarani na sokoni. Khutba zetu za israfu huanzia kwenye sahani, mahali ambapo safari ya chakula inaishia.

Nasoma kilimo, basi niruhusuni niseme kidogo jinsi zao linavyooza, maana hukumu ya jambo hutegemea kulijua jambo. Nyanya ikichumwa haifi. Inaendelea kupumua, na katika kupumua hutoa joto. Ukizijaza kwenye tenga lenye kina kirefu, za juu huzikandamiza za chini, na joto lililo katikati halina pa kutokea. Moja ikipasuka, ukungu huingia kwenye jeraha na kuhamia kwa jirani yake. Muhogo una tabia nyingine. Ukiwa ardhini unaweza kusubiri miezi mingi. Ardhi ndiyo ghala lake. Ukishang'olewa, ndani ya siku mbili au tatu nyama yake huanza kuwa na michirizi ya buluu na nyeusi. Viazi vitamu vinataka vipumzishwe kwanza, siku 4 hadi 7 mahali penye joto la nyuzi 30 hivi na unyevunyevu mwingi, ili majeraha ya jembe yafunge. Viazi mviringo vinataka giza na ubaridi. Ukiviacha kwenye mwanga hugeuka kijani na kuingiwa na sumu. Kwa ufupi, kila zao lina haki yake, na ukiinyima haki hiyo litaharibika.

Sasa turudi kwenye lile jibu la kwanza, kwamba kuoza ni qadari. Ni kweli, na hakuna Mwislamu anayelikanusha. Kuoza kwenyewe ni katika utaratibu wa Mwenyezi Mungu: kusingekuwa na kuoza, kusingekuwa na udongo wa kupandia nyanya nyingine. Lakini sisi ndio tunaofundishwa kumfunga ngamia kisha kutawakali. Na tukisoma Surat Yusuf tunaona kuwa Nabii Yusuf (A.S.) alipoifasiri ndoto ya mfalme hakuwaambia watu wa Misri wasubiri tu. Aliwaelekeza walime miaka saba, na walichovuna wakiache katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Hayo ni mafundisho ya kuhifadhi mazao, yamekuja ndani ya Qur'ani kwa ulimi wa Nabii. Anayesema kuhifadhi chakula ni mambo ya dunia tu na hayahusu dini, aisome tena sura hiyo.

Mtu atasema: Yusuf alikuwa na nafaka, nafaka hukaa, nyanya haina suke. Ni neno la haki, na mafakihi wetu waliliona zamani. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu huku, Zaka ya mazao huwajibika katika kile kilicho chakula cha kutegemewa na kinachoweza kuwekwa akiba: nafaka, tende, zabibu kavu na mfano wake. Mboga hazimo. Imamu Abu Hanifa (R.A.) alikwenda upande mwingine: kila kinachopandwa na kuvunwa kina haki ndani yake, mboga zikiwemo, moja ya kumi kwa kinachonyweshwa na mvua na nusu yake kwa kinachonyweshwa kwa gharama. Mimi si mufti na sipimi kati ya maimamu. Ninachokiona ni kuwa wale waliozitoa mboga walizingatia sifa moja ambayo mkulima haichagui, nayo ni kudumu kwa zao. Hawakumdai mtu kama mwenye akiba ilhali zao lake halikai.

Kutokana na hapo napata kanuni ya kwanza: wajibu hufuata uwezo. Mama mdogo hakuwa na uwezo wa kulisukuma gari lisilo na mafuta, wala hana chumba cha baridi. Kwa hiyo ustadhi alisema kweli, yeye si msrafu. Lakini kanuni ikishasimama, haiwezi kuishia kwake. Kama wajibu hufuata uwezo, inatubidi tuufuate uwezo ulipo.

Mwenye gari alidai nauli kamili. Mama alilipia matenga yote, yakiwemo mawili yaliyokwenda jalalani. Hapa nilikumbuka hadithi iliyopokelewa na Jabir (R.A.) katika Sahih Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) anamkataza mtu aliyeuza matunda, kisha yakapatwa na janga, asichukue kitu kwa mnunuzi, na anauliza ni kwa haki gani atachukua mali ya ndugu yake. Wanazuoni wametofautiana katika kuitumia: Imamu Malik aliiangalia pale hasara inapofika theluthi, na Imamu Shafi katika kauli yake ya baadaye hakumlazimisha muuzaji. Tena hadithi ni ya mauzo ya matunda, si ya nauli. Lakini swali lililomo ndani yake ni kubwa kuliko mauzo. Hasara isiyo na mkosaji ikitokea kati yetu wawili, kwa nini wewe upate chako chote na mimi nibebe yote?

Nilikuwa tayari kumhukumu mwenye gari. Kisha nikajifunza kwamba naye alikuwa amenunua mafuta ya magendo kwa bei ya kuumiza, na gari lenyewe si lake, kila jioni ana hesabu ya kupeleka. Naye alikuwa akiisukuma hasara kama alivyosukumiwa. Aliye juu humsukumia aliye chini yake, mpaka inamfikia asiye na wa kumsukumia.

Nilidhani wa mwisho ni mama mdogo. Nilikosea, na hapa ndipo jambo hili lilipoingia ndani ya nyumba yetu.

Asubuhi ile, baada ya kumwaga zilizokwisha, alibaki na zile laini za katikati. Nilimwona akizipanga kwenye mafungu, laini chini, ngumu nzuri juu. Nikamwambia, "Mama, hizi za chini hazifiki kesho." Akanijibu bila kuniangalia, "Mwanangu, nikiziweka juu nani atanunua? Na wewe karo yako nitaitoa wapi?"

Mnaikumbuka hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono kwenye lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye chakula akasema ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Kwa miaka mingi nimeisikia hadithi hii kama ya wafanyabiashara wabaya. Siku ile niliiona kwenye mikono ya mtu aliyenilea, asiyekosa swala, na aliyekuwa akighushi kwa ajili yangu. Mvua haikuwa kosa lake. Fungu lilikuwa lake. Na aliyelinunua, pengine mama mwingine mwenye faranga zilezile za siku moja, alifika nyumbani akakuta hasara ya Rugombo chini ya nyanya nzuri.

Basi nimeelewa kuwa zao likioza linaweza kuozesha na kitu kingine. Hasara isiyogawanywa kwa uadilifu hutafuta njia ya siri, na njia hiyo ni udanganyifu. Ndiyo maana sikubali tena kusema kuwa ni qadari kisha tufunge darsa. Qadari ililisimamisha gari. Lakini jinsi tunavyogawana hasara ni matendo yetu, nayo yataandikwa.

Je, mimi? Huu ndio mlango nisiotaka kuufungua, lakini makala bila huo itakuwa unafiki. Tangu mwaka wa pili nilijua mambo ya tenga refu. Nilijua kreti fupi za plastiki zinapunguza kupondeka. Nilijua nyanya ya safari huchumwa inapoanza kubadilika rangi, si ikishaiva. Kwamba iliyopasuka hutolewa kabla ya kupakia. Kwamba kivuli kabla ya safari kinaipoza. Niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Kwa mama yangu mdogo, anayenilipia huo mtihani, sikuyasema hata mara moja. Sikuwa na ubaya; sikufikiri tu kwamba elimu ile ilikuwa inamhusu yeye. Kama wajibu hufuata uwezo, kujua nako ni uwezo. Katika hesabu ya yale matenga mawili, fungu langu lipo.

Siku hizi tunafanya madogo. Zilizopasuka hubaki Rugombo, huuzwa kwa bei ya pale. Tumepata kreti chache. Na zile laini mama anaziweka fungu la peke yake, wazi, kwa bei ya chini, na anasema kwa sauti kuwa ni za mchuzi wa leo. Kuna mama lishe wanaozifuata hizohizo. Hasara haijaisha, na siku gari likilala njiani tunalia kama zamani. Lakini fungu lake sasa unaweza kulipindua.

Wapo Waislamu waliofanya makubwa zaidi kwa vitu vidogo. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria, aliweka chungu ndani ya chungu, akajaza mchanga mbichi katikati na kufunika kwa kitambaa chenye maji. Maji yakivukizwa huchukua joto, na mboga iliyomo ndani hukaa siku nyingi zaidi bila umeme. Alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000. Chungu hicho hupenda hewa kavu, kwa hiyo kwetu kitatufaa zaidi kiangazi cha Juni hadi Agosti kuliko wakati wa masika. Mfinyanzi tunaye, mchanga tunao.

Wakubwa nao wana fungu lao. Mwaka 2014, huko Malabo, viongozi wa Afrika waliahidi kupunguza kwa nusu upotevu wa mazao baada ya kuvuna ifikapo 2025. Qur'ani, katika Surat Al-Israa, inatuambia kuwa ahadi itaulizwa. Ni sura hiyohiyo inayowaita wabadhirifu ndugu wa mashetani.

Napendekeza kwa jumuiya yetu mambo mawili. Kwanza, wanaosoma kilimo tupewe darsa moja kila msimu, tukae na mama zetu wa sokoni, tuwaambie tunayoyajua na tusikie wanayoyajua wao. Pili, mfuko wetu wa sadaka ununue kreti za kuazimana. Na kwa ustadhi wetu, ambaye namheshimu, nina ombi: siku nyingine akizungumzia israfu aanze na tenga, kisha ndipo afike kwenye sinia.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulichokijua tukanyamaza, na atubarikie katika riziki zetu. Wabillahi tawfiq.