Mgeni na Mwenyeji Asiyeonekana

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni ana wajibu gani kwa mwenyeji ambaye hajapata kumwona, wala hana hakika kwamba yupo?

Zamani za majahazi ya tanga, nahodha wa visiwa vya Wabajuni, toka Kismayo, kupitia Koyama na Chovai, hata Chula, aliteremka Lamu na Mombasa kwa kaskazi, akapanda Arabuni kwa kusi. Upepo haukuwa wake. Kazi yake ilikuwa kupanga safari ifuatane nao. Hivyo ndivyo wafanyavyo wapangao njia za vyombo vya angani. Chombo kiitwacho Galileo kilifika kwenye sayari ya Mshtarii mwaka 1995. Mafuta yake yalikuwa haba. Basi kilipangiwa kupita karibu na miezi ya sayari hiyo, na mvutano wa mwezi mmoja ukawa unakipinda kuelekea mwingine.

Uchunguzi wake ulionyesha kwamba chini ya barafu ya mwezi wa Europa yamkini mna bahari ya chumvi. Penye maji huenda pana uhai. Nacho Galileo hakikuwa kimetakaswa vijidudu vya duniani. Lau kingeachwa kizurure bila mafuta, huenda siku moja kingeuangukia mwezi huo. Kwa hiyo, tarehe 21 Septemba 2003, kilielekezwa ndani ya Mshtarii, kikateketea. Cassini nacho kilitoswa katika Zohali tarehe 15 Septemba 2017, ili miezi ya Enceladus na Titan isalimike.

Yuko atakayesema: ni upuuzi kuvihurumia vijidudu visivyojulikana hali wanadamu wanataabika. Hoja hii ina uzito. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, vita viliwakimbiza Wabajuni wengi hadi Kenya, na meli za kigeni zikavua bila idhini katika bahari ya Somalia. Manahodha wa meli hizo nao walikuwa na ramani na hesabu za njia. Walichokosa ni kumhesabu mwenyeji. Na mwenyeji huyo alikuwa akionekana, wavu mkononi.

Hata hivyo, hoja hiyo haiuondoi wajibu, bali huuzidisha. Ikiwa binadamu aweza kukitosa chombo chake kwa kumstahi mwenyeji wa kudhaniwa tu, ana udhuru gani wa kumdhulumu aliye mbele ya macho yake?

Walimu wenzangu, tuwafundishapo vijana hesabu za safari, tusisahau kuwauliza: mkisha kuondoka, mwenyeji atabaki na nini?