Kujua Yaliyoiva

Soma: Marko 4, 26–29



Katika somo hili Bwana Yesu asimulia habari za mtu aliyepanda mbegu, akalala, akaamka, nayo ikakua asijue jinsi ilivyokua. Kazi moja ilimbakia: kutambua siku ya kuvuna. Yaonekana kuwa kazi nyepesi, kumbe ndiyo inayotushinda wengi.

Tuangalie matunda ya nchi yetu ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Ukwaju haupimwi kwa ukubwa wake. Ulio mbichi, ganda limeshikamana na nyama, nawe ukilikwaruza waona rangi ya kijani. Ulioiva, nyama imenywea na kuliacha ganda, hata ukilibonyeza kwa kidole hupasuka. Tena kwaju za mti mmoja haziivi zote siku moja. Kwa hiyo mchumaji mwenye akili huzipima moja moja.

Buyu nalo ladanganya macho. Nje limevaa manyoya laini, laning'inia mtini kwa uzuri. Ajuaye halisifu upesi. Hulitikisa karibu na sikio. Likiwa limeiva, unga wake umekauka, na mbegu hulia ndani. Kisha huligeuza-geuza atafute ufa au tundu, kwani maji na wadudu wakipata njia, unga huharibika, na ganda labaki zuri vile vile.

Lakini mng'ong'o una desturi yake. Matunda yake huanguka chini yangali ya kijani na magumu. Mgeni huyapita akisema, Haya yameanguka kabla ya wakati. Wenyeji hungoja siku chache. Huko huko mavumbini hugeuka manjano, hunukia, na maji yake huwa matamu yenye ukali kidogo.

Ndugu walimu, kila mwaka yatupasa kusema ni nani aliye tayari kubatizwa. Nasi tunaoandika haya tuliwahi kukosa. Palikuwa na kijana aliyejibu maswali yote ya Katekisimo bila kusita, na bibi mzee aliyechanganya amri na kusahau maneno. Yule tulimkubali kwa furaha. Huyu tukamwambia angoje mwaka mwingine. Wala hatukwenda kuwauliza majirani wa yeyote kati yao.

Mwaka haukuisha, yule kijana akamfukuza mkewe, akaacha na ibada. Na yule bibi akafariki. Siku ya maziko yake ndipo tuliposikia kwamba kila asubuhi alikuwa akimchotea maji jirani mwenye ukoma, ambaye watu wa nyumba yake mwenyewe walimkimbia. Tena alikuwa akiomba pamoja naye, kwa maneno yale machache aliyoyashika. Twaamini ya kuwa Bwana hakumsahau. Sisi ndio tuliompita kama mgeni apitaye chini ya mng'ong'o.

Hatusemi mafundisho yapunguzwe. Asiyefundishwa neno atashika nini siku ya majaribu? Twasema tu kwamba ganda si tunda. Basi, kabla ya kuandika majina, tuende nyumbani kwa kila mtu, mmoja mmoja. Tusikilize mke wake asemavyo, na mdeni wake, na mgonjwa aliye karibu naye. Penye ufa, tusifumbe macho kwa sababu ya ufasaha wa mdomo. Na aliye mzito wa kushika maneno, tusimhesabu kuwa mbichi kabla ya kutazama mikono yake.

Tena tujitikise sisi wenyewe kwanza, tusikie kama ndani mna kitu. Maana sisi nasi tu katika shamba la Bwana, naye hupima asidanganyike na ganda. Atusamehe haraka yetu na ukawaji wetu, atupe macho ya kuona matunda yake. Amin.