Sura ya Nani Kwenye Noti?

Noti hailiwi wala haivaliwi. Thamani yake imesimama juu ya imani tu: aliyeipokea leo anaamini kesho mwingine ataipokea. Kwa hiyo picha inayochapwa juu yake inajibu swali zito, hasa katika taifa changa: raia anaombwa amwamini nani?

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa bado inatumia noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zenye picha ya Malkia Elizabeth. Mwaka 1964 bodi hiyo ilitoa noti nyingine, zenye chombo cha tanga kikisafiri Ziwa Victoria. Malkia ameondoka, na kiti chake hakijakaliwa na mtu. Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1966 Tanzania ilitoa noti zenye sura ya Rais Julius Nyerere, na Kenya zenye ya Rais Jomo Kenyatta.

Utetezi upo: wengi hawakujua kusoma, na sura wanayoifahamu iliwatoa hofu kuhusu pesa ngeni. Lakini Kenyatta alifariki mwaka 1978, na baadaye noti zikaja na sura ya mrithi wake, Daniel arap Moi. Picha inayobadilika Ikulu inapopata mwenyeji mpya haionyeshi taifa. Inaonyesha nani ameshika madaraka.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na jibu lake karne nyingi kabla ya hapo. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba zisizo na sura yoyote. Upande mmoja ulikuwa na jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hasan; upande wa pili ulieleza kwamba anamtegemea Mola, na maneno ya pande hizo mbili yakapatana vina. Sultani alijitaja, tena bila haya, ila alijitaja kama mja.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 231, ilipiga marufuku picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Noti mpya za 2019 zikatoka na jengo la mikutano la KICC jijini Nairobi, na mbele yake sanamu ya Kenyatta ameketi. Waliopinga walikwenda mahakamani wakashindwa. Kisheria sanamu inaweza kuhesabiwa sehemu ya mandhari. Kwa anayehesabu noti sokoni, mzee bado yupo. Sarafu za 2018, zenye twiga, kifaru, simba na ndovu, ziliitii ibara hiyo vizuri zaidi.