Jina la Askofu Katika Ukoo Wetu

Katika kaunta buku ninamoandika habari za ukoo wetu, mdogo wake babu anaitwa Hannington. Wajukuu wanaosoma ng'ambo wameniuliza: je, tuna damu ya Kizungu? Wana haki ya kuuliza. Huko waliko, jina la ukoo likipewa mtoto kama jina lake, aghalabu limetoka kwa kina mama. Franklin Delano Roosevelt, rais wa Marekani, alipata Delano kwa mama yake, Sara, aliyezaliwa katika ukoo huo.

Kwetu magharibi mwa Kenya, anayefuata njia hiyo atapotea. James Hannington, askofu wa Kianglikana, alifika Kwa Sundu, Mumias ya leo, mwaka 1885, akaendelea hadi Busoga. Huko aliuawa mwezi Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Waliobatizwa baadaye wakawapa watoto wao jina lake, kwa kuiheshimu damu iliyomwagika, si kwa kuzaliwa nayo.

Huko Mumias, askofu huyo alikuwa amemwacha William Jones, shemasi wake, pamoja na sehemu kubwa ya msafara. Jones alikuwa Mwafrika, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto na kulelewa na wamishonari India. Huyu hunisumbua moyo zaidi. Babu yetu Hannington alipewa jina na baba yake mzazi, tena juu ya jina la nyumbani alilokuwa nalo tangu kuzaliwa. Mtoto aliyenyakuliwa kwao hakuwa na baba wa kumchagulia. Kwenye karatasi, majina hayo mawili, Hannington na Jones, yanafanana.

Je, anayempa mtu jina jipya ana haki ya kuficha la zamani? Mimi ni Mkristo, lakini hapa najifunza kwa Waislamu. Zayd bin Haritha, aliyelelewa na Mtume Muhammad, alikuwa akiitwa Zayd bin Muhammad, mpaka Sura ya Al-Ahzab ilipoagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Mtume aliendelea kumpenda, na Zayd akarudishiwa nasaba yake. Naamini ubatizo nao humwongezea mtu ndugu bila kumpokonya aliozaliwa nao.

Kwa hiyo mbele ya Hannington nimeandika jina lake la nyumbani, jina la baba yake, na sababu ya kuitwa hivyo. Nanyi mnaoandika habari za koo zenu, waulizeni wazee wangali hai: jina hili alilitoa nani, na kabla yake mtoto aliitwaje?